Binti Asiye na Kaya: Safari Yangu ya Kwanza Mwandoya

Ukiwa Mwanza ukasema unakwenda Kisesa, konda atakupakia bila kukuuliza zaidi, na punde si punde atakushusha kwenye mji mdogo kando ya barabara ya Musoma, hata Magu hujafika. Kisesa ya pili iko mbali kabisa na hapo, ndani ya wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu, na ndiyo iliyolipa jina jimbo lenye Mwandoya ndani yake. Mwenyeji wangu alinionya mapema kwa simu. "Usithubutu kutaja Kisesa. Sema Bariadi. Ukishafika Bariadi, hapo sasa sema Mwandoya."

Basi nikasema Bariadi, nikapata kiti cha dirishani. Kanda ya Ziwa nilikuwa naijua kwa Mwanza tu, na Mwanza yenyewe kwa semina na hoteli zake. Usukumani kwenyewe, kule kwenye pamba na ng'ombe, sikuwahi kukanyaga.

Nilisafiri na swali. Miaka mingi nimesikiliza mahubiri dhidi ya utoaji mimba, kanisani, kwenye redio za dini, kwenye spika za mikutano ya injili mtaani kwetu usiku watu wakiwa wamelala. Sina ugomvi na mtu anayeamini kwamba uhai unaanza tumboni. Nataka kujua kinachofuata. Ukishamwambia binti azae, je, unaunga mkono serikali itoe fedha, zikiwemo za kodi yako, ili yeye na mtoto wake wale? Au maneno yanaishia pale mtoto anapolia mara ya kwanza?

Swali hilo ningeweza kuliuliza Dar es Salaam. Nililipeleka Meatu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni takwimu: utafiti wa taasisi ya Guttmacher na watafiti wa Tanzania ulikadiria kwamba mwaka 2013 zilitolewa mimba kama 405,000 nchini, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoongoza, takriban wanawake 51 kati ya kila 1,000 wenye umri wa kuzaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 36. Zanzibar walikuwa kama 11. Sababu ya pili nitaieleza tukifika.

Njia ya kutoka Mwanza ni ya kupendeza hadi Lamadi. Ziwa linajitokeza mkono wa kushoto na kujificha tena. Tulipita Nassa, ambako wamisionari wa Africa Inland Mission waliweka kituo mwaka 1909 na kuacha kanisa ambalo leo lina waumini Usukumani kote. Tukapita Nyashimo, makao ya wilaya ya Busega. Lamadi harufu ya samaki wa kukaanga iliingia dirishani kabla ya wauzaji wenyewe, na hapo njia zinaachana: ya Musoma inaendelea mbele kandokando ya Serengeti, ya Bariadi inakata kulia, kilomita 71.8 za lami. Ukishakata kulia ziwa limekwisha. Nchi inakuwa pana, kavu, yenye mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa na makundi ya ng'ombe wanaokula mabua. Mkoa huu ni mchanga, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza. Sensa ya 2022 iliwakuta humo watu 2,140,497.

Jirani yangu wa kiti, aliyepandia Lamadi, alikuwa mwalimu wa dini wa Kikatoliki, mzee wa makamo mwenye rozari mfukoni na mfuko wa mbegu za alizeti mapajani. Nilimwamkia, tukazungumzia mvua, bei ya pamba, na foleni za Dar es Salaam ambazo yeye alizisikia kwa mwanawe. Kisha nikauliza.

"Kutoa mimba ni kuua," alijibu bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja bei ya mbolea.

"Na binti aliyezaa akakosa cha kumlisha mtoto, mwalimu?"

"Mtoto ana babu yake."

"Babu naye akiwa hana?"

"Si kuna TASAF." Alimaanisha mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku. Akanyamaza kidogo, akacheka. "Ila TASAF nayo, mama, inalemaza watu. Mtu akishazoea kupewa, jembe analiona zito."

Nilimpenda mzee yule. Sitaki msomaji amwone mnafiki, maana alinisimulia pia kwamba nyumbani kwake wanakaa wajukuu watatu ambao baba zao hawajulikani walipo, na hakuna aliyemlazimisha kuwalea. Lakini katika maneno yake machache yalikuwemo yote niliyoyafuata: imani isiyotikisika, mkono wa familia, serikali kama kimbilio la mwisho, na papo hapo shaka juu ya kimbilio hilo.

Bariadi nililala nyumba ya wageni karibu na stendi. Asubuhi nikapanda Hiace iliyojaa hadi mlango ukagoma kufunga. Barabara ya Kisesa na Mwandoya ni ya vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Mibuyu inasimama peke yake mashambani. Tulisimama mara moja kuchimba dawa, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na kichaka chenyewe hakikutosha kumsitiri hata mbuzi.

Mwandoya ni mji mdogo wenye shughuli nyingi kuliko nilivyotarajia: maduka ya vifaa vya sola, mafundi cherehani barazani, bodaboda chini ya miti, maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yenye marobota ya pamba yaliyokuwa yakisubiri lori. Nilishuka mchana, na mwanamke wa kwanza kukutana naye akanipa "mwadila", salamu ya Kisukuma. Nikaijibu vibaya. Akanicheka vizuri, akanionyesha nyumba niliyokuwa naitafuta.

Mwenyeji wangu ni nesi mstaafu. Alitumikia zahanati na vituo vya afya vya mkoa huu tangu ungali sehemu ya Shinyanga. Usiku ule, juu ya ugali wa mtama, mlenda na maziwa ya mgando, alinieleza jambo ambalo takwimu haziwezi kulisema.

"Haji mtu akakwambia nimetoa mimba. Anakuja usiku, amefunikwa kanga mbili, anasema nimeanguka na ndoo ya maji. Wote walianguka na ndoo. Ungedhani Meatu hatujui kubeba maji."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasafisha kizazi, naandika mimba imeharibika. Kumtibu si kosa. Tulifundishwa na serikali yenyewe."

Ni kweli si kosa. Kosa liko kabla ya hapo. Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyorithi kwa Waingereza, inasema katika kifungu cha 150 kwamba anayemtoa mwanamke mimba anaweza kufungwa miaka 14. Kifungu cha 151 kinampa mwanamke mwenyewe miaka saba. Kifungu cha 152 kinampa miaka mitatu anayetoa dawa au kifaa. Kifungu cha 230 kinamwachia daktari nafasi ya kufanya upasuaji kuokoa maisha ya mama. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia Itifaki ya Maputo, inayotaka mlango huo upanuliwe kwa waliobakwa na kwa afya ya mama, lakini vifungu vile havikuguswa. Wala wapiga kura hawajadai viguswe. Hapa kwetu kupinga utoaji mimba hakuna chama, ni msimamo wa karibu kila mtu, na ndiyo maana hakuna anayeulizwa gharama yake.

Sasa sababu ya pili. Jumapili, Septemba 9, 2018, Rais John Magufuli alihutubia mkutano wa hadhara wilayani Meatu. Aliwaambia wananchi kwamba wanaotumia uzazi wa mpango ni wavivu, wanaoogopa kufanya kazi ya kulisha watoto. Aliwakumbusha kuwa wao ni wakulima na wafugaji, kwa hiyo chakula kipo. Alisema amekwenda Ulaya na kuona nchi zilizoanza kukosa watu. Waziri wake wa afya alikuwepo, na mwakilishi wa shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, alikuwepo pia. Siku chache baadaye wizara ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye televisheni.

Mwenyeji wangu anayakumbuka maneno yale kama yanavyokumbukwa na wengi huku, kwa upande mmoja. "Wanaume waliyabeba nyumbani," alisema. "Sehemu ya ng'ombe ndiyo waliyoisikia. Ila mwenye ng'ombe si yule anayebeba mimba."

Hapo ndipo swali langu lilipoanza kugeuka. Ni rahisi kusema kiongozi yule alitaka watoto wazaliwe kisha wajitegemee. Haikuwa hivyo. Ni serikali yake iliyofuta ada na michango hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na Februari 2020 ni yeye aliyezindua kipindi cha pili cha TASAF awamu ya tatu. Watoto aliwapa. Lakini Juni 22, 2017, mkoani Pwani, alitangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi atakayepata mimba akarudi shuleni, na zuio hilo lilidumu hadi Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alipoliondoa. Mtoto alipewa shule bure. Mama yake, kama alikuwa mwanafunzi, alinyang'anywa. Msaada ulikuwepo, ila uliruka kichwa cha mtu mmoja.

Kesho yake nilikwenda kukaa na akina mama wa kikundi cha kanisa. Walikuwa chini ya mwarobaini, sanduku la fedha katikati, kila mmoja akitaja hisa zake kwa sauti. Wakimaliza hisa wanachanga mfuko wa jamii. Mfuko ule ulikuwa umenunua maziwa, sabuni na nguo za kichanga kwa binti wa jirani ambaye aliyempa mimba alikimbilia machimboni. Hakuna serikali iliyowaagiza. Nilipowauliza habari ya kutoa mimba walijibu kwa mshangao karibu wa pamoja: dhambi. Nilipouliza kama serikali imsaidie binti yule, waligawanyika.

Mmoja alisema ndiyo, tena haraka. Mwingine alisema ukimpa huyu fedha, kesho watakuja kumi. Wa tatu, aliyewahi kukaa kwenye kamati ya TASAF ya kijiji chake, hakubishana na yeyote. Alisema tu: "Hata tukikubali, ataandikwaje? Hana kaya."

Nilimwomba aeleze, akaeleza kwa subira ya mtu aliyezoea kulalamikiwa. Mpango unaitwa wa kunusuru kaya maskini, na kaya ndiyo inayoandikwa. Wanakijiji wanakutana, wanataja kaya zilizo duni kabisa, majina yanachujwa, anayebaki anaitwa mlengwa. Binti wa miaka 16 aliye kwa baba yake ni mtu wa kaya ya baba. Baba akiwa na ng'ombe kumi, kaya si maskini, basi. Kwamba baba amemfukuza alale jikoni, kwamba hasemi naye, kwamba amekataa kununua hata kanga ya kumpokelea mtoto, hayo hayana safu kwenye fomu.

Viwango vyenyewe tuviseme, maana watu wa mijini huzizungumzia ruzuku hizi kana kwamba ni utajiri. Mpango ulipoanza kutoa fedha kwa wingi, kaya ilipata 10,000 za msingi kwa mwezi, 4,000 zaidi ikiwa na mtoto chini ya miaka 18, 4,000 nyingine kwa mtoto mchanga anayepelekwa kliniki, 2,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi, na zaidi kidogo kwa sekondari. Jumla haikuruhusiwa kuzidi 38,000. Zililipwa kila baada ya miezi miwili, na mtoto akikosa kliniki au shule zilikatwa. Ajira za muda zilikuwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 60 kwa mwaka. Sijui jembe gani hulemazwa na hizo.

Baada ya maneno ya mama yule nilianza kuhesabu misaada mingine kichwani, na kila niliousogelea ulikuwa na mlango uleule. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita. Likizo ya uzazi, siku 84 kwa sheria ya ajira ya 2004 na siku 100 kwa pacha, ni ya mwajiriwa, na Mwandoya waajiriwa ni walimu, manesi, maofisa na wachache wengine. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni ya vikundi vya watu wazima. Huduma ya kujifungua ni bure kwa sera, lakini karibu kila mwanamke niliyezungumza naye njia nzima aliwahi kuambiwa aje na glovu, wembe, mpira wa kutandika na pamba. Katika mkoa unaolima pamba kuliko wote nchini, mjamzito anakwenda dukani kununua pamba.

Na baba wa mtoto? Hadi Sheria ya Mtoto ya 2009 ilipokuja, sheria ya zamani ilimtaka aliyezaa nje ya ndoa atoe matunzo yasiyozidi shilingi 100 kwa mwezi. Mia moja. Leo mahakama inaweza kuamua kiasi cha maana, lakini mwanafunzi akipata mimba aliyempa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa marekebisho ya 2016. Sisemi kwamba miaka ile ni mingi mno. Nasema tu kinachotokea: kijana anakimbia, au wazee wanakutana usiku na kumaliza kwa ng'ombe, na ng'ombe hao huingia kwenye zizi la baba wa binti. Wako pia waliobebeshwa mimba njiani na kundi la vijana wanaojificha nyuma ya chagulaga, desturi ya msichana kuchagua mchumba kati ya vijana, wakiiita mila. Binti huyo huwezi kumwambia mtoto ana baba yake.

Basi jibu la swali langu halikuwa ndiyo wala siyo. Wapinzani wa utoaji mimba niliowakuta wanasaidia familia kwa dhati, kwa mikono yao, kwa kiasi ambacho sisi wa Dar es Salaam tungeona aibu kukilinganisha na chetu. Wengi wanaunga mkono serikali nayo isaidie familia. Lakini anayefikiria kutoa mimba mara nyingi ni yule ambaye familia imemtoa, au anaogopa itamtoa. Wanatetea msaada kwa nyumba, wakati aliye hatarini yuko nje ya nyumba. Na kwa sababu wanamwona mkosaji, kutoandikwa kwake hakuwashtui.

Jambo hili si la Wasukuma peke yao. Kenya mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa walipiga kampeni ya kukataa Katiba mpya kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na mahakama za kadhi, ingawa rasimu hiyohiyo, katika ibara ya 43, iliwapa maskini haki ya afya na hifadhi ya jamii. Iliungwa mkono na kama asilimia 67 ya wapiga kura, bila wao. Marekani, kesi iliyofuta haki ya utoaji mimba ya kitaifa Juni 2022 ilitoka Mississippi, jimbo lililokuwa likiwaondoa akina mama maskini kwenye bima ya serikali miezi miwili baada ya kujifungua. Machi 2023 gavana Tate Reeves, mpinzani mkubwa wa utoaji mimba, alitia saini kuifanya miezi 12. Ilichukua ushindi ule kuwafikisha hapo, na bado wanakataa kuipanua bima hiyo kwa maskini wengine. Poland wao walianza na fedha: kuanzia Aprili 2016 serikali ya kihafidhina ilitoa zloti 500 kwa mwezi kwa kila mtoto kuanzia wa pili, baadaye kwa wote, na Oktoba 2020 mahakama ya katiba ikabana utoaji mimba. Unaweza kutokubaliana na Wapoland wale, mimi sikubaliani nao, lakini huwezi kusema hawakutoa. Kwa hiyo inawezekana. Anayeniambia kumkataza mwanamke asitoe mimba na kumlipia mtoto ni mambo yasiyokaa pamoja, namwelekeza huko.

Siku ya kuondoka ilikuwa ya mnada, Mwandoya nzima ilihamia kwenye ng'ombe. Mwenyeji wangu alinisindikiza hadi kwenye Hiace, akasalimiana na mtendaji mmoja wa kijiji aliyekuwa akisubiri gari hilohilo. Nilimuuliza mtendaji kama kuna katazo lolote la kumwandika binti mwenye mtoto kama kaya inayojitegemea. Alifikiri. Akasema yeye hajaona katazo. Ila hajawahi kuona mtu akisimama mkutanoni kupendekeza.

Hilo ndilo ninalowaomba wapinzani wa utoaji mimba wa Meatu na kwingineko, mwalimu wangu wa dini akiwemo. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Nendeni, msimame, mtaje jina la binti huyo, mdai aandikwe peke yake na mtoto wake, na mdai kwa mbunge kwamba fomu ibadilishwe kama haina nafasi yake. Mkutano huo ni wa wakazi waliotimiza miaka 18. Binti wa miaka 16 hana kura pale. Ninyi mnayo.